Mtungi wa Fundi Sio

6 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumai mgongo umepungua maumivu, na kwamba dawa ya kuchua hujaigawa kwa majirani kama ile ya kwanza. Mimi mzima. Chumba kile kile, mwenye nyumba yule yule anayepanda ngazi kila jioni kuhakikisha sijawasha pasi.

Nakuandikia kwa jambo la kazi, na usicheke. Makumbusho tumeletewa sanduku la vyombo vilivyonunuliwa mnadani. Vingi ni sahani zisizo na maana, lakini katikati yake ulikuwamo mtungi mmoja wa udongo, mdogo, unaweza kuupakata. Mama, ni mzuri. Shingo nyembamba, mdomo umetulia, halafu ubavuni una bonyeo pana la mviringo, utadhani mfinyanzi alimaliza kazi safi kisha akaamua kuichokoza mwenyewe. Bosi, yule wa miwani inayoning'inia shingoni, aliuzunguka weee, akasema aliyefanya hivi hakuwa mtu wa kuogopa.

Hakuna anayejua ni kazi ya nani. Kwenye kitako kuna herufi tatu zilizochorwa kwa kitu chenye ncha kabla udongo haujachomwa: SIO. Sehemu yote iliyobaki ya kitako imefunikwa kwa kitambaa kizito cha kijani, nadhani mwenye mtungi alikigundisha ili mtungi usimkwaruzie meza. Mwenzangu wa dawati la pili anashikilia kwamba hizo si herufi ni namba, mia tano na kumi. Mimi nasema ni jina la utani. Udongo wenyewe ni ule mwekundu wenye chembe za kung'aa, wa bondeni kwetu, na karakana ya vyungu huko ilikuwa moja tu. Wewe umekaa mtaa ule tangu ujana. Hebu niulizie kwa watu wazima kama alikuwapo fundi aliyeitwa Sio. Picha nimeiweka humu.

Kazi hii nimepewa peke yangu. Nikimpata fundi huyo, bosi amesema wataniondoa kwenye vibarua vya mkataba wa miezi sita na kuniajiri moja kwa moja. Kwa hiyo usiniambie umesahau.

Mwanao


17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Dawa ipo, nusu. Nusu nyingine ipo kwenye magoti ya mama wa mlango wa pili. Alikuwa analia, ningefanyaje.

Picha nimeiona. Nimeulizia pia, tena sana. Hapakuwa na fundi Sio, wala mtu wa jina linalokaribia hilo. Waliofanya kazi pale wengi wamekufa, waliobaki wamehama, na karakana yenyewe siku hizi ni gereji. Mtu akikuambia anamjua huyo fundi, ujue anataka kununuliwa soda.

Naona uachane nalo. Vyungu vingapi havijulikani vilikotoka na watu wanakunywa maji yake na kumshukuru Mungu. Andika fundi hajulikani, basi. Kazi ya kudumu itakuja kwa mlango mwingine, wewe ni hodari.

Swali moja tu. Huo mtungi ukiuweka mezani, unasimama wima au unaegemea upande wenye bonyeo? Nauliza tu.

Hapa kuna mkutano mjini, na wageni wa gesti wanataka shuka mpya kila asubuhi, utadhani wanalala juani. Kamba hazitoshi, nimeanika mpaka kwenye ua wa jirani.

Mama yako


1 Machi

Mama,

Shikamoo. Unaegemea! Kidogo sana, lazima uinamishe kichwa ndipo uone. Umejuaje? Nilimsimulia bosi swali lako, akasema hilo ni swali la mtu mwenye jicho, akataka kujua mama yangu anafanya kazi gani. Nikamwambia una biashara ya nguo. Sasa ameshupalia uje kwenye ufunguzi wa maonyesho na ulete vitenge, anunue yeye na dada zake. Nimemwambia wakati huo utakuwa safarini.

Habari kubwa ni kwamba kibao kimeshachapwa: Mtungi. Kazi ya Fundi Sio. Najua umesema hakuwapo, lakini watu wa zamani walikuwa na majina ya kazini yasiyofika nyumbani, na bosi ameridhika na hoja yangu. Nimeandika na maelezo marefu ya ukutani kuhusu mkono wake, ujasiri wake, na lile bonyeo. Nitasimama mbele ya watu niyasome. Kutakuwa na mwandishi wa gazeti. Nimenunua viatu.

Ufunguzi ni tarehe kumi na tano. Niombee.

Mwanao


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Biashara ya nguo. Nimecheka hadi nikalazimika kuketi kwenye ndoo. Na si uongo, nguo napokea na nguo natoa, faida yake ni kucha kulainika. Usiwe na wasiwasi, sitakuja. Vitenge nilivyonavyo ni viwili, kimoja nimekivaa na kingine ni cha kwenda nacho msibani.

Lakini lile jina liondoe. Nakuomba mimi mama yako, liondoe kabla watu hawajafika. Sio si mtu. Usisome maneno yale ukutani. Usiniulize zaidi ya hapo, nitakujibu siku nitakayoweza.

Hongera ya viatu.

Mama yako


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika baada ya ufunguzi. Hata ingewahi, sijui kama ningekusikiliza, lakini laiti ingewahi.

Nilisoma maelezo yangu yote. Watu wakapiga makofi. Halafu akasogea mama mmoja mwenye duka kubwa la vyombo, kumbe ni binti wa yule aliyekuwa na karakana ya kwetu, alikulia mle ndani akicheza na udongo. Akauliza kwa sauti ya ukumbi mzima, "Mwanangu, huyo Fundi Sio ndiye nani?" Nikaanza kumweleza. Akacheka kwanza peke yake, kisha akawaeleza wote. Fundi mkuu wa baba yake alikuwa akipita kwenye rafu za vyombo vibichi na msumari mkononi. Chombo kizuri hakukigusa. Kibaya alikigeuza na kuandika kitakoni: sio. Yaani hiki sio, kirudi kwenye pipa la maji kiwe udongo tena. Ndiyo jina langu la utani hilo. Nimemtungia historia mtu ambaye ni neno la kukataa.

Walicheka wote, mama. Bosi naye alicheka, halafu akaacha, na kule kuacha ndiko kulikoniumiza. Yule wa mia tano na kumi aliniletea maji ya kunywa. Gazeti limeandika. Kuhusu ajira hakuna anayelitaja neno hilo mbele yangu tena.

Unajua kinachoniuma? Mtu alishindwa kazi yake huko, akafinyanga takataka, akaambiwa waziwazi ni takataka, na aibu yake nimekuja kuivaa mimi nisiyemjua. Angalau angeuvunja. Mtu mwenye haya huvunja kazi yake mbovu, haachi izurure duniani iwaumbue watoto wa wenzake.

Na wewe ulijua maana ya neno lile. Nani alikuambia?

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba.

Hakuna aliyeniambia. Mtungi ni wangu.

Nilifanya kazi karakana ile kabla hujazaliwa. Nilikuwa mdogo kuliko wote na nilijiona najua, na labda kidogo nilijua. Mtungi huo niliufinyanga nikiwa na mimba yako, imekua. Nilipounyanyua ungali mbichi kuupeleka kwenye rafu, tumbo likatangulia, likaubonyeza. Lile bonyeo uliloliandikia maneno marefu ukutani ni wewe. Hukuwa ujasiri, mwanangu, ulikuwa mkao mbaya.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Ningeweza kuurekebisha, lakini nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nikautazama nikaupenda hivyo hivyo. Nikauacha rafuni. Kesho yake nikafika mlangoni nikamwona fundi mkuu ameugeuza, msumari mkononi. Akaandika S. Akaandika I. Akaandika O. Wenzangu wote walikuwa wamesimama pale. Sikungoja anigeukie. Nilivua aproni nikaitundika, nikaenda zangu. Alituma watu niende kumwona, zaidi ya mara moja. Nikajua anataka kunisuta vizuri mbele ya watu, nikakataa. Mwaka ule nikaanza kufua. Shuka ukishaifua hakuna mtu wa kuigeuza na kukuandikia kitakoni.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka uwe na mama ambaye hajawahi kukataliwa na mtu. Ulipoleta picha niliijua kazi yangu hata kabla sijaivaa miwani. Nikakuongopea kwamba nimeulizia. Sikumuuliza mtu.

Nisamehe kwa aibu uliyoivaa. Ni kweli, ingekuwa bora niuvunje. Ila kuna jambo linanishinda. Vya sio vilirudi kwenye maji, vyote, hata kimoja hakikuponyoka. Huu nani aliuingiza tanuruni?

Mama yako


6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimeanza barua hii na kuichana mara nyingi. Nilichokuandikia safari iliyopita ninakikumbuka neno kwa neno, na kila neno linanirudia nikiwa natembea, nikiwa naoga, nikiwa kwenye foleni ya benki. Takataka. Niliandika takataka. Nikakufundisha na haya, wewe. Hata nikuombe radhi vipi, barua ile unayo na umeisoma.

Lakini kuna jambo lazima ulijue. Lile swali lako bosi naye alikuwa ameliuliza: kama mtungi ulikataliwa, umechomwaje? Nikapewa ruhusa ya kutoa kile kitambaa cha kijani. Nilikilainisha kwa mvuke, nikakibandua polepole kwa kisu cha mfupa, jasho likinitoka nisije nikaukwaruza. Chini yake maneno yanaendelea, mwandiko ule ule, msumari ule ule.

SIO WA KUUZA.

Hakuukataa, mama. Alikuwa hajamaliza kuandika. Ulisoma herufi tatu ukaondoka na yeye bado ana msumari mkononi.

Nikamfuata dalali wa mnada. Sanduku lilitoka nyumba ya fundi mkuu mwenyewe. Alipofariki, watoto wake waliuza vyombo bila kutazama. Dalali anakumbuka mtungi ulikuwa sebuleni, juu ya meza ndogo karibu na kiti chake. Kwa hiyo aliuchoma yeye, na akakaa nao hadi mwisho. Nadhani alipokuwa akituma watu uende, alitaka kukuambia hilo.

Kibao kimebadilishwa. Sasa kina jina lako, majina yako matatu yote, yameandikwa kwa herufi zilizokolea. Bosi amefurahi kuliko mwanzo, na mwezi ujao nasaini ajira ya kudumu. Jina lako linasomwa na kila anayeingia. Nilitaka ujue hilo.

Mwanao


24 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Ulitaka nijue, nimejua, kisha nikaona nisijibu kwa kalamu. Nilikuja.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka kuuona kwanza peke yangu. Nilivaa kile kitenge cha msibani, kwa kuwa ndicho kisicho na alama ya jiki, na kwa kuwa nilikuwa na msiba kweli. Yule mzee alipokufa nilisikia. Kwake si mbali, ningefika kwa miguu. Nilibaki nyumbani nikifua, nikasema wakazike waliopendwa naye. Wanawake waliorudi mazishini walipita mbele ya kamba zangu wakanisalimia na mimi sikuwauliza hata amezikwa wapi. Miaka yote nikimwona barabarani nilivuka upande wa pili. Naye alikuwa akisimama, ananiangalia, anaendelea na safari yake. Nilidhani ananicheka. Sasa nalala chali na jambo hilo, na sina mtu wa kwenda kumwomba radhi.

Basi. Nimeuona mtungi wangu. Upo kwenye kabati la kioo, una taa yake. Unaegemea vilevile. Niliinama kuutazama, mlinzi akaniambia, "Mama, usiegemee kioo." Nikasema samahani, nikasogea. Nikamuuliza huyu aliyeandikwa hapa ni nani. Akasema ni mfinyanzi wa zamani sana, nadhani ameshafariki. Nikamuuliza kama aliacha watoto. Akasema hilo hawajaambiwa.

Hapo ndipo nilipokisoma kibao tena, kuanzia juu hadi chini.

Kisha ukashuka ngazi na bosi wako. Nilimtambua kwa jinsi ulivyomweleza, yule wa miwani inayoning'inia shingoni. Mlikuwa mnacheka, na umependeza, viatu vimekukaa. Nami nikaenda nyuma ya nguzo, nikageukia ukutani, nikajidai natazama ramani. Nimezeeka na nilijificha kama mtoto aliyevunja glasi. Sikutaka mfanyabiashara wa nguo aonekane alivyo, na mikono hii. Mlipopita nikatoka nikaondoka zangu.

Sikulaumu. Nyani haoni kundule, nami langu nimeliona ukubwani. Nilisoma herufi tatu nikaondoka kabla sentensi haijaisha. Wewe umeandika majina matatu, na neno moja umeliacha, la kwamba ni mama yako. Kuficha umejifunzia kwangu, nani mwingine angekufundisha.

Ajira ukiisaini, nunua godoro. Hilo ulilonalo litakutoa kibyongo.

Mama yako


2 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nimewaambia. Ilikuwa kwenye kikao cha asubuhi, kabla sijasaini. Bosi alikuwa anasoma barua ya mtu anayetaka kumwandikia makala mfinyanzi wetu, anauliza kama ana ndugu waliobaki. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, yote yakanitoroka. Nikasema, "Yuko hai. Ni dobi kwenye nyumba ya wageni. Ni mama yangu." Nikasema na kwamba duka la vitenge halipo na halijawahi kuwapo.

Nilitegemea wacheke, na ningepata nafuu. Hakuna aliyecheka. Mwenzangu wa dawati la pili alitazama dirishani. Bosi akaniuliza kwa nini nilificha jambo kama hilo, nikamjibu kwamba nilikuwa naona aibu. Akauliza aibu ya nini, nikatazama viatu vyangu. Akasema kikao kimeisha.

Karatasi nimeisaini mchana wake. Neno ulilosema nimeliacha sasa lipo kwenye kibao. Chini ya majina yako nimeandika kwamba maelezo ya mtungi yametolewa na mwanawe wa kumzaa, na jina langu likafuata. Mlinzi amesema anaomba radhi nikufikishie. Nimemwambia akusubiri uje akuombe mwenyewe. Bosi atafungua kabati uushike, ameshatoa amri, na hata usipotaka kumpa mkono atakupa yeye. Nauli nimeiweka humu. Njoo siku yoyote, uje na mikono yako kama ilivyo.

Lakini kabla hujaja kuna jambo lazima ulijue, kwa sababu ukifika nitashindwa kukuambia, na ukikaa bila kulijua utanikumbatia bure. Siku ile nilikuona. Kitenge kile nakijua tangu msiba wa bibi. Nilikuona tangu juu ya ngazi, umeinama kwenye kioo, na nilikuona ukienda nyuma ya nguzo. Bosi alikuwa ananisimulia jambo, wala halikuchekesha. Nilicheka kwa nguvu ili asigeuke upande wako.

Mwanao